Kigari, Kiti cha Gari na Kanga: Historia Inayomsaidia Mama Kuchagua

Kila msimu miongoni mwetu yupo anayehesabu wiki, na kila anayehesabu wiki ana karatasi yenye orodha. Beseni, nepi, chandarua, mafuta ya nazi, doti za kanga. Kisha chini kabisa, kwa kusitasita, vinaandikwa vitu viwili ambavyo bibi zetu hawakuviandika: kigari cha kusukumia mtoto na kiti cha mtoto cha kwenye gari. Madukani vitu hivi huuzwa pamoja kama seti, rangi moja, kitambaa kimoja, na bei moja ya kumfanya mtu aombe kiti akae.

Kwa kuwa vinauzwa pamoja, tunadhani vina asili moja. Historia inasema vingine. Kigari kilizaliwa kwenye bustani ya tajiri kwa ajili ya kuwafurahisha watoto wake. Kiti cha gari kilipata umbo lake la leo pale madaktari na wahandisi walipoanza kujiuliza kwa nini watoto wanakufa kwenye ajali ambazo wakubwa wanatoka wazima. Leo tunasimulia habari za vyote viwili, na katikati tunaiingiza kanga, maana nayo ina jamaa yake ndani ya historia hii, tena huko huko Marekani. Mwisho wa safari tunarudi kwenye ile karatasi, tuone pesa ikiwa chache ianze kwenda wapi.

Gari la kuvutwa na mbuzi

Mwaka 1733, nchini Uingereza, Duke wa 3 wa Devonshire alitaka kitu cha kuwaburudisha watoto wake. Kazi akampa William Kent, msanifu mashuhuri wa majumba na bustani. Kent alitengeneza kigari kidogo chenye umbo la kombe la pwani, kikafungwa hatamu ili kivutwe na mbuzi au farasi mdogo. Hakuna mama aliyekisukuma. Watoto walikaa ndani, mnyama akavuta, wageni wa nyumba wakatazama. Wengi wanaosimulia historia ya kigari cha mtoto huanzia hapo.

Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya kigari kupata mpini wa nyuma wa kusukumia. Katikati ya karne ya 19 vilianza kuuzwa London, Malkia Victoria akawanunulia wanawe, na kuanzia hapo kila familia iliyotaka kuonekana ya watu wa maana ikataka cha kwake. Mwaka 1877 William Wilson alianzisha kampuni ya Silver Cross mjini Leeds, ikatengeneza vigari vya springi vilivyokuja kuwa fahari ya nyumba kubwa. Tukumbuke kwamba katika nyumba hizo aliyesukuma mara nyingi alikuwa yaya. Vigari vilikuwa vizito, havikukunjika, na vilihitaji njia pana iliyosakafiwa pamoja na nyumba yenye mahali pa kukiegesha.

Waliokirahisisha ni watu wa aina nyingine. Juni 1889, Mmarekani mweusi wa mji wa Baltimore, William H. Richardson, alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, kwa kigari ambacho kitanda chake kinageuka. Mtoto aliweza kutazama njia, au akamtazama anayemsukuma. Richardson alifanya pia magurudumu yazunguke kila moja kivyake, kigari kikaweza kukata kona katika nafasi finyu. Mama yeyote leo anayesukuma huku akimchekesha kichanga chake uso kwa uso anatumia fikra za Richardson, ijapokuwa jina lake hatulioni popote kwenye boksi.

Badiliko kubwa kwa mtu wa kawaida lilikuja mwaka 1965. Owen Maclaren alikuwa mhandisi mstaafu wa ndege wa Uingereza, na katika kazi zake alishughulikia miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire, ile inayotoka na kukunjwa. Binti yake alipokuja kutoka Moscow na mtoto mchanga, mzee akaona jinsi kigari kizito kinavyomsumbua mtu safarini. Akachukua mirija ya alumini na ujuzi wa miguu ya ndege, akatengeneza kigari kinachojikunja kama mwavuli. Kilikuwa na uzito wa takriban kg 2.7. Aliomba hataza mwaka huo huo, na mwaka 1967 kikaanza kuuzwa. Vigari vyote vya bei nafuu tunavyoviona leo, vyenye vishikio viwili vilivyopinda kama mpini wa mwavuli, vinafuata mfano ule.

Jamaa ya kanga aliyekwenda Marekani

Wakati Waingereza wakisukuma, pwani yetu ilibeba. Karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya leso, wakashona vipande sita pamoja kupata nguo moja, na ndiyo sababu mpaka leo wenzetu wa Mombasa wanaiita leso. Nguo hiyo ikawa kanga, na kanga ikawa mbeleko. Haina gurudumu la kunasa kwenye mawe ya vichochoro vya Mji Mkongwe, haihitaji nafasi kwenye daladala, na mtu akipanda boti pale Malindi kwenda Dar es Salaam hakuna anayemwambia ailipie kama mzigo.

Desturi hii si ya pwani pekee. Afrika nzima wanawake wanabeba watoto kwa nguo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nesi wa Kimarekani, Ann Moore, alifanya kazi nchini Togo chini ya Peace Corps. Aliona akina mama wakienda sokoni na kufanya kazi zao watoto wakiwa mgongoni, wametulia. Aliporudi kwao na kujifungua alijaribu kumbeba mwanawe vile vile, lakini nguo ikawa inateleza, maana mkono uliozoea kufunga mbeleko haupatikani kwa siku moja. Akamwomba mama yake mzazi amshonee mfuko wenye kamba za mabegani. Mfuko huo ukapata hataza mwaka 1969 na kuuzwa kwa jina la Snugli. Kwa hiyo yale mabegi ya kubebea watoto tunayoyaona madukani, na wengine wetu tukayaita ya kizungu, yana bibi yao Togo, na bibi huyo ni ndugu wa mbeleko yetu.

Tunayasema haya ili mama asione haya. Kukosa kigari si kumnyima mtoto kitu. Kigari ni msaada, na wapo ambao msaada huo ni mkubwa: aliyezaa pacha, aliyejifungua kwa upasuaji, mwenye maumivu ya mgongo, bibi mzee anayelea mjukuu. Wengine tunaweza kungoja mpaka mtoto awe mzito, au tusikinunue kabisa.

Anayenunua, historia imeshamwambia alipie nini. Alipie wepesi na kukunjika, vile alivyovifanya Maclaren. Jaribu palepale dukani: mshike mtu akubebee pochi, kunja kigari kwa mkono mmoja na ukiinue, kwa sababu ukiwa na mtoto mkono wa pili hutakuwa nao. Kama mtoto hajatimiza miezi sita, mgongo wa kigari uweze kulala sawa, maana shingo yake bado haimbebi. Breki zishike kweli. Mkanda uwe wa ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Tazama pia viungio vya kukunjia. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren yenyewe ilitangaza Marekani kurekebisha vigari vipatavyo milioni 1 baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole kwenye viungio hivyo. Dawa ilikuwa vifuniko vidogo vya kitambaa. Ukinunua kigari cha mtumba, angalia kama viungio vimefunikwa, na kila unapokikunja au kukikunjua, mtoto awe mbali.

Magurudumu madogo ya plastiki yanafaa sakafu na lami. Anayeishi penye mchanga na mawe ya matumbawe atakuwa anakiburuta, na huyo mbeleko itamfaa zaidi. Pia tusifunike kigari kwa kanga nzito juani tukidhani tunampa mtoto kivuli. Joto hujifungia ndani na hewa haipiti. Na mkoba mzito ukiutundika kwenye vishikio, kigari chepesi hupinduka mtoto anapotolewa au hata akiwa ndani.

Vilivyobaki, yaani rangi, kikombe cha kuwekea chai, jina la kampuni kwa herufi za dhahabu, ni yale yale ya bustani ya Duke. Mwenye uwezo ajipambe, lakini asiyenacho hajamkosesha mwanawe chochote.

Kiti kilichoanza kama kigoda

Sasa tuje kwenye kitu cha pili. Viti vya watoto vya kwenye gari vilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930. Ukiviona pichani utashangaa: kijiti cha chuma kinachoning'inizwa kwenye mgongo wa siti, na kitambaa cha kukalia kama cha bembea. Baadhi ya vile vya miaka iliyofuata viliwekewa usukani wa kuchezea. Havikutengenezwa kumlinda mtoto na ajali. Kazi yake ilikuwa kumwinua aone nje ya dirisha na kumtuliza asimsumbue dereva. Gari likigonga, kiti na mtoto vilikwenda pamoja.

Fikra zilibadilika polepole. Mwaka 1959 Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Sweden, alitengeneza mkanda wa ncha tatu, huu tunaouvaa mpaka leo, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Lakini mkanda ule ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mwaka 1962 watu wawili, Jean Ames wa Uingereza na Leonard Rivkin wa jimbo la Colorado, Marekani, kila mmoja kwao, walibuni viti vya kumlinda mtoto hasa.

Sweden alikuwapo daktari, Bertil Aldman. Aliangalia jinsi wanaanga wa Marekani wa mpango wa Gemini walivyolazwa chali kwenye viti vilivyofuata umbo la migongo yao, ili nguvu kubwa ya roketi isambae mwili mzima. Akajiuliza: kama mgongo unaweza kupokea nguvu ile, kwa nini mtoto asikalishwe akitazama nyuma? Kiti chake cha kwanza cha majaribio kilipimwa mwaka 1964. Sababu yake ni ya kimaumbile. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado haijaungana sawasawa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa kifua huku kichwa kizito kikirushwa na kuivuta shingo. Anayetazama nyuma hupokewa wote, kichwa, shingo na mgongo, na ganda la kiti. Mpaka leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hata kufikia miaka 4.

Mikono ya mama

Kisa tunachotaka kila dada akishike ni cha jimbo la Tennessee, Marekani. Daktari wa watoto, Robert Sanders, pamoja na mkewe Pat, walihangaika miaka kadhaa kuwashawishi wabunge wa jimbo hilo watunge sheria ya viti vya watoto. Mwaka 1977 wakafanikiwa, na tarehe 1 Januari 1978 Tennessee likawa jimbo la kwanza nchini Marekani lenye sheria hiyo.

Lakini wabunge walikuwa wamechomeka kifungu kimoja. Kilisema mtoto anaweza kusafiri bila kiti endapo mtu mzima amempakata. Maneno yalikuwa matamu kwa sikio la mzazi yeyote: nani atamshika mwanangu kuliko mimi? Daktari Sanders alikipinga kifungu hicho kwa nguvu zote, maana alijua mtoto aliyepakatwa hugeuka mto wa kumkinga yule aliyempakata. Ilichukua mpaka mwaka 1981 kifungu kile kufutwa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya viti vya watoto.

Hesabu yake tunaweza kuifanya hapa hapa jikoni. Gari linalokwenda km 50 kwa saa linapita karibu meta 14 kila sekunde. Likisimamishwa ghafla na ukuta, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu meta 10, yaani juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Tuseme mtoto ana kg 10 na gari limesimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kumzuia kunahitaji nguvu ya kushikilia karibu kg 140. Hayo ni magunia mawili ya sukari ya kilo 50, na la tatu likikaribia kujaa, yanakurukia mikononi kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu". Mapenzi ya mama hayapungui kwa kukiri hivyo. Mikono ya binadamu haikuumbiwa kazi hiyo.

Na ikiwa mama naye hakufunga mkanda, uzito wake wote unamfuata mtoto mpaka kwenye dashibodi. Akifunga mkanda mmoja yeye na mtoto pamoja, mtoto anabanwa katikati ya mkanda na mwili wa mama. Mbeleko nayo, pamoja na heshima yote tuliyoipa, ndani ya gari haimzuii mtoto.

Mtoto ni amana. Dua ya safari tunaisoma, na tulifundishwa toka udogoni kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali. Mkanda ni kamba ya ngamia huyo.

Alama ya E na magari ya Japani

Baada ya sheria zikaja kanuni za ubora. Mwaka 1971 Marekani iliweka kanuni yake ya kwanza, na miaka kumi baadaye Umoja wa Mataifa kupitia kamisheni yake ya uchumi ya Ulaya ukaja na kanuni namba 44. Kiti kilichopimwa kwa kanuni hiyo kina kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, na kilo za mtoto anayefaa kukikalia: hadi kg 13, kg 9 hadi 18, au kg 15 hadi 36. Mwaka 2013 ilianza kanuni mpya, namba 129, inayopima kwa urefu wa mtoto na kutaka atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Viti vyote viwili vinafaa. Kisichofaa ni kile kisicho na kibandiko chochote, hata kiwe na manyoya na masikio ya sungura.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, nchi ambayo tangu Aprili 2000 sheria yake inataka kila mtoto chini ya miaka 6 akae kwenye kiti chake. Kwa hiyo mengi yanakubali kiti vizuri. Yale ya miaka ya karibuni mara nyingi yana vyuma vya ISOFIX. Ingiza vidole kati ya mgongo na makalio ya siti ya nyuma, utavigusa. Usipovipata, mkanda wa ncha tatu unatosha, mradi kiti chenyewe kimeandikwa kuwa kinafungwa kwa mkanda. Tazama hilo kabla hujalipa.

Jambo moja halina mjadala: kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Miaka ya 1990, mifuko hiyo ilipoenea Marekani, iliua watoto katika ajali ndogo ambazo wakubwa walitoka bila mkwaruzo, kwa sababu mfuko hufumuka kwa kasi na kupiga mgongo wa kiti, nyuma ya kichwa cha mtoto. Mahali pa mtoto ni siti ya nyuma.

Kwetu sisi

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ya mwaka 1973 ilitungwa bila kutaja viti vya watoto, na wanasheria wanawake wa TAWLA wamekuwa miongoni mwa waliopaza sauti sheria irekebishwe. Shirika la Afya Duniani linasema matumizi ya viti hivi yanaweza kupunguza vifo vya watoto kwenye ajali kwa asilimia 60. Lakini mama hana haja ya kungoja bunge ndipo amfunge mwanawe.

Tunajua pia wengi wetu hatuna gari. Kwenye daladala mkanda ni nadra na kiti hakina pa kufungwa. Hapo kinachowezekana ni kuepuka siti ya mbele na ya mlangoni, na kumwambia dereva bila woga apunguze mwendo. Bodaboda na bajaji hazina namna ya kumfunga kichanga, na mtoto mchanga kwenye bodaboda ni hatari ambayo nauli ndogo haiilipi. Asiye na gari atumie pesa yake kwa siku chache zenye safari ya gari: siku ya kutoka hospitali, siku za chanjo, siku ya kwenda shamba kwa bibi. Hapo aite teksi yenye mikanda nyuma, na aazime kiti.

Neno kuazima si la kuaibisha. Marekani ya miaka ya 1980, sheria zilipoanza na watu hawana pesa, hospitali na vyama vya kijamii viliweka mipango ya kuazimisha viti kwa wazazi. Sisi tuna vikundi vya kuweka na kukopa na vikundi vya shughuli. Sahani na masufuria tunayanunua pamoja na kuazimana. Kiti cha kichanga mtoto mmoja hukitumia mwaka na zaidi kidogo tu. Kikundi cha wanawake kumi kikinunua kimoja kizuri, watoto kadhaa watapita humo kabla hakijazeeka.

Turudi kwenye karatasi

Kama nyumbani kuna gari, au mtoto atapanda gari mara kwa mara, shilingi ya kwanza iende kwenye kiti. Kigari kingoje, na kanga ifanye kazi yake. Ukiwa na uwezo wa kiti kimoja tu, chagua kile kinachoanzia kuzaliwa hadi kg 18, ambacho kinageuzwa kutazama mbele baadaye. Kibeba-kichanga chenye mkono kama wa kikapu ni kizuri kubebea, lakini baada ya kg 13 utahitaji kununua tena.

Kiti cha mtumba nunua au pokea kwa mtu unayemjua, anayeweza kukuambia kwa kinywa chake kwamba hakijawahi kupata ajali. Kilichoshuka kwenye kontena na historia yake haijulikani, kiache. Kigeuze chini usome tarehe ya kutengenezwa na muda wake wa mwisho. Plastiki nayo huchoka, na jua letu haliisaidii. Kagua ganda lisiwe na ufa, mikanda isiwe imechanika, na kifungo kilie "tak" kinapoingia. Kitabu cha maelekezo kiwepo, au kitafutwe kwa jina la kiti kwenye simu.

Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo. Ikaze mpaka usiweze kuifinya kwa vidole juu ya bega. Blanketi na shali zifunikwe juu ya mikanda, zisipite chini yake. Safari ikiisha mtoe mtoto umlaze kitandani, kwa sababu kichanga akilala muda mrefu amekunja shingo, njia yake ya hewa hubanwa.

Anayesoma haya huku akihesabu wiki, jambo la kufanya wiki hii ni dogo: muulize mwenye gari litakalokuleta nyumbani kutoka hospitali kama siti yake ya nyuma ina mkanda unaofanya kazi. Kisha waulize wanawake wa kikundi chako nani ana kiti. Mjifunze kukifunga mapema, kabla uchungu haujaanza, siyo pale kwenye mlango wa wodi mtoto akilia na dereva akipiga honi.